Uchungu na Mapendo: Namna Lugha Yetu Inavyotaja Moto wa Moyo

Utangulizi

Tulikuwa katika somo la Kifaransa, kalasi ya tano ya sekondari. Kitabu chenye tulikuwa nacho mbele yetu ni Phèdre ya Racine, mchezo wenye ulionyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1677. Phèdre ni malkia mwenye anapenda mutoto wa bwana yake, na mapendo ile inamuchoma mpaka anakunywa sumu na kufa. Niliandika kwenye ubao neno moja: passion. Kisha nikauliza wanafunzi: neno hili tutalisema namna gani kwa Kiswahili?

Kijana mumoja wa nyuma akajibu: «Mateso!» Wenzake wakacheka. Lakini yeye akashikilia: «Profesa, Ijumaa Kuu ku misa, kwenye kitabu cha Kifaransa wanaandika La Passion, na padri anasoma Mateso ya Bwana wetu Yesu Kristu.» Binti mumoja akasema: «Hapana, passion ni mapenzi.» Wa tatu, mwenye kupenda mchezo, akasema: «Mi najua fruit de la passion, ni marakuja.» Kalasi nzima ikacheka tena.

Wote watatu walikuwa na haki. Lakini mimi mwalimu wao nilirudi nyumbani bila jibu. Namna gani neno moja linaweza kuwa mateso ya musalaba, moto wa mapenzi, na tena tunda la kukamuliwa maji? Na sisi wenyewe, je, hatuna neno letu la kutaja hali ile ya moyo kushikwa kabisa? Katika kurasa hizi ninajaribu kujibu. Nitaanza na neno la wageni, kisha nitarudi kwetu nyumbani, sababu ni kwetu ndiko nilikuta jibu.

1. Neno la Kifaransa na safari yake

Neno passion linatoka katika Kilatini passio, na passio linatoka katika kitenzi pati, maana yake kuteseka, kuvumilia, kupatwa na jambo. Wagiriki walikuwa na neno pathos, lenye maana ya karibu na ile. Kwa watu wa zamani, passion haikuwa kitu mutu anafanya. Ilikuwa kitu kinamupata, kama vile homa inavyopata mutu. Ni kwa ile maana Wakristu wa kwanza wenye kusema Kilatini waliita kifo cha Yesu Passio, na habari za mashahidi wa imani waliziita pia kwa jina lile. Basi, yule kijana wa nyuma alisema maana yenye ilitangulia zingine zote.

Baadaye wenye akili wa Ulaya wakaanza kutumia neno lile juu ya mambo yote yenye roho inapata bila kuyaita: furaha, huzuni, chuki, tamaa, mapendo. Descartes aliandika kitabu kizima juu ya hayo, Les Passions de l'âme, mwaka 1649. Katika karne ile ya Descartes na Racine, neno likazoea kutaja mapendo makali yenye yanashinda akili. Leo vijana wanalitumia hata juu ya mupira na muziki. Neno limekuwa tamu, lakini mizizi yake ni ya machozi.

Na marakuja? Muti ule asili yake ni Amerika ya Kusini. Wamisionere Waespanyola wenye walifika kule waliangalia ua lake wakaona ndani yake alama za mateso ya Yesu: duara ya nyuzi nyembamba kama taji la miiba, vichwa vitatu vya katikati kama misumari mitatu, na vitu vitano vya chini yake kama vidonda vitano. Wakaliita ua la Mateso, na tunda likafuata jina la ua. Kwa hiyo mwenye kumununulia muchumba wake maji ya marakuja akifikiri ni tunda la mapenzi, ajue kama jina lile lilitoka kwenye musalaba.

2. Kwetu, kupenda na kutaka ni ndugu

Sasa tuache Ulaya, tuangalie lugha za nyumbani. Kila mumoja wetu, mbele ya Kiswahili, ana lugha ya babu zake. Mashi inasema kuzigira, na mapendo ni obuzigire. Kinande inasema erianza, na mapendo ni olwanzo. Kinyarwanda na Kirundi wana gukunda na urukundo. Watu wa Kibemba kule Katanga wanasema ukutemwa. Tshiluba inasema kunanga, na mapendo ni dinanga.

Kuna jambo moja lenye linashangaza mwenye kulinganisha lugha hizi. Katika Lingala, kolinga ni kupenda na tena ni kutaka. Mwenye kuimba bolingo na mwenye kuomba maji ya kunywa wanatumia kitenzi kile kile. Katika Kikongo, kuzola ni vile vile: kupenda na kutaka. Katika Kiluba, shina -swa linabeba yote mawili. Babu zetu, kutoka mashariki mpaka magharibi ya inchi hii, hawakuona mapendo kama homa tu. Mengi ya maneno yao yanasema: mwenye kupenda ni mwenye kutaka. Tena, kutaka ni kazi ya mutu mwenyewe. Homa inakupata, lakini mapenzi unayatia nguvu wewe.

Mutu anaweza kuniambia: lakini Kiswahili kinatenga kupenda na kutaka. Ni kweli, leo tuna vitenzi viwili. Lakini angalia sala ya Baba Yetu. Katika Biblia ya Kiswahili yenye Waprotestanti wengi wanasoma, ile ya mwaka 1952, pale penye Kifaransa kinasema volonté, Kiswahili kinasema mapenzi. Wakatoliki wengi wanapita njia ingine, wanatumia shina la -taka. Sala ni moja, jambo ni moja; mumoja anasema mapenzi, mwingine anasema kutaka. Hata mutu akifiwa, tunamuambia ni mapenzi ya Mungu, na hakuna mwenye kufikiri kama tunasema juu ya mambo ya wachumba. Kumbe Kiswahili nacho kinakumbuka undugu ule wa zamani.

3. Maneno yaliyokuja na misafara

Kiswahili chenyewe hakikuzaliwa hapa kwetu. Kilitoka pwani ya bahari ya Hindi, kikapanda na misafara ya wafanyabiashara mpaka Ujiji, kikavuka ziwa Tanganyika, kikafika Maniema. Livingstone alikikuta Nyangwe mwaka 1871. Ni katika mwaka ule, tarehe 15 Julai, aliona kwa macho yake watu wa misafara wakipiga bunduki katika soko la Nyangwe, na watu mamia, wengi wao wanawake, wakafa kwa risasi na kwa maji ya mto. Miaka michache nyuma, Tippu Tip alijenga makao yake Kasongo. Watu wa misafara walijiita Wangwana, maana yake watu huru, na ndiyo maana Kiswahili cha kwetu kiliitwa muda murefu Kingwana. Vita ya 1892 mpaka 1894 ilimaliza utawala wao, lakini lugha ilibaki.

Ninataja historia ile sababu lugha ya pwani ilikuwa na mufuko mzima wa maneno ya Kiarabu juu ya moyo. Huba na mahaba yanatoka katika hubb, mapendo. Shauku inatoka katika shawq, hamu kali ya kitu au ya mutu mwenye yuko mbali. Tamaa inatoka katika tama', yenye inakaribia uroho. Na ashiki inatoka katika 'ishq, mapendo yenye yamepita kipimo. Wenye kamusi wa Kiarabu wa zamani walieleza neno lile kwa mufano wa mumea mumoja wenye unajizungusha kwenye muti, unaukumbatia, unaubana, mpaka muti unakauka. Mufano ule unaelewa mutu yeyote wa shamba. Nani hajaona muti wenye umefungwa na mumea wa kutambaa?

Katika maneno yale, gani yalishika mizizi hapa kwetu? Tamaa ilishika vizuri sana. Kila mama wa soko analijua, na mara nyingi analitumia kwa kugombeza. Shauku tunaikuta zaidi katika kitabu, na katika mudomo wa wenye wanasoma Kiswahili bora. Mahaba na huba, wengi wetu tuliyasikia katika nyimbo za Tanzania na za Kenya. Hatuwezi kusema ni maneno ya nyumba zetu. Si kwamba ni mabaya. Ni mazuri, na mwalimu mwema atayafundisha. Lakini maneno yalifika kwetu kwa barabara moja na minyororo ya watumwa, na watu wetu walichukua yale yenye waliitaji, mengine wakayaacha.

4. Mapendo na mapenzi

Neno lenye lilishinda kwetu ni mapendo. Hili si la Kiarabu, ni la Kibantu kabisa, na sarufi yake inaonyesha. Kitenzi ni -penda. Ukiweka -o mwishoni unapata pendo, upendo, mapendo. Ukiweka -i, sauti d inageuka z: mupenzi, mapenzi. Ni sheria ile ile yenye inafanya kulinda kutoa mulinzi, na kupanda kutoa mupanzi. Maneno ya kukopa hayabadiliki kwa namna ile. Basi mapendo na mapenzi ni mapacha, wana mama mumoja.

Lakini mapacha wale hawakulelewa nyumba moja. Upande wa Tanzania na Kenya, mapenzi imekwenda zaidi kwa mume na muke, na upendo umebaki kwa Mungu, kwa jirani, kwa wazazi. Biblia ya 1952, katika waraka wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya 13, inatumia upendo. Hapa kwetu, mapendo ilibeba yote. Mapadri Weupe walifika Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka pale walifundisha dini kwa Kiswahili. Waliitaji neno la kutaja fadhila ya tatu, nyuma ya imani na matumaini, na katika sala ile fadhila inaitwa mapendo. Mutoto wa katekisimu alijifunza mapendo ya Mungu, akirudi nyumbani akasikia mapendo ya wazazi, akikua akaandika barua ya mapendo. Neno lilikuwa moja, kama paa moja juu ya vyumba vyote.

Kisha likakuwa jina. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya Authenticité, majina ya Kikristu ya Kizungu yalikatazwa, na wazazi waliitaji kuwapa watoto majina ya kwetu. Katika Kivu, majina ya Kiswahili yana nafasi kubwa: Furaha, Neema, Riziki, Zawadi, Amani, na Mapendo. Mpaka leo ni nadra kuingia katika kalasi hapa bila kukuta Mapendo mumoja ao wawili. Mutu hamuite mutoto wake Ashiki. Anamuita Mapendo, sababu ni neno lenye linaweza kuitwa kwa sauti kubwa katika kiwanja, mbele ya baba mukwe, bila mutu kuona haya.

Siku hizi vijana wanasema zaidi mapenzi, ao wanakopa bolingo ya Lingala na amour ya Kifaransa. Wazee wanalalamika. Mimi sisemi vijana wanaharibu lugha. Kiswahili kimekuwa kikikopa tangu zamani. Lakini ninaona paa limegawanyika. Mapendo linabaki kanisani, mapenzi linakwenda barabarani. Kijana akisikia mapendo anafikiri mahubiri, akisikia mapenzi anafikiri tendo. Katikati ya mawili yale, kitu kimeanguka chini, na hicho ndicho nilikuwa natafuta tangu siku ile ya Phèdre.

5. Uchungu

Nilikipata bila kutafuta. Nilikuwa nimekwenda kusalimia mama yangu kijijini, na wakati wa kuagana akanishika mukono akasema, kama anavyosema kila mara: «Mwanangu, niko na uchungu yako.»

Maneno yale nimeyasikia tangu utoto. Alinisema vile nilipokwenda kuanza masomo ku Institut Pédagogique. Alinisema vile katika vita ya 1996, wakati tulipotezana njiani siku mbili, na tulipoonana tena hakusema neno lingine. Mama yangu, katika maisha yake yote, hajaniambia hata siku moja «nakupenda». Wamama wengi wa umri wake ni vile. Lakini siku ile, na lile neno la Kifaransa likiwa bado kichwani, nikamusikia kama mara ya kwanza. Passion: mapendo na mateso katika neno moja. Mama hajasoma Racine wala Kilatini, na neno alikuwa nalo.

Tuangalie neno lenyewe. Uchungu linatoka katika sifa -chungu, yenye inapinga -tamu. Dawa ni chungu, majani ya muti fulani ni machungu. Watu wa Kivu hawaitaji mufano mwingine: kinkina imelimwa katika milima yetu, na mwenye alipewa kinini akiwa mutoto anajua uchungu unavyokaa kwenye ulimi. Tusilichanganye na chungu cha kupikia, chenye wingi wake ni vyungu. Lile ni neno lingine kabisa.

Kutoka kwenye ulimi, neno likaingia katika mwili: uchungu wa kidonda, uchungu wa tumbo. Likafika kwa mama mwenye kuzaa: uchungu wa kuzaa. Ni hapa, ninavyoona mimi, ndipo daraja lilijengwa. Sababu uchungu wa kuzaa si kama uchungu wa jino. Una mutu ndani yake. Mama akiisha kuzaa, uchungu wa mwili unapita, lakini anabaki na uchungu mwingine wenye haupiti: uchungu wa mutoto. Mezali inayosema uchungu wa mwana aujua mzazi inacheza na maana zote mbili kwa pamoja. Nani anajua maumivu ya kuzaa? Mzazi. Nani anaumia kwa moyo mutoto akigonjwa, akipotea, akifaulu hata? Mzazi yule yule.

Basi kuwa na uchungu wa mutu ni kusema: kile kinakupata wewe kinaniuma mimi. Hii ni zaidi ya kusema unapendeza macho yangu. Tena si huruma peke yake. Huruma unaweza kumuonea mutu mwenye humujui, ukampa kitu, ukaenda. Uchungu unakufunga. Mwenye kuwa na uchungu yako atauza mbuzi ulipe minervali.

Ninaandika hii sana juu ya vijana. Nimesikia wanafunzi, na wenye akili, wakisema wazazi wetu hawatupendi, hawajatuambia kamwe nakupenda sawa vile tunaona katika filme. Binti mumoja aliniambia alimukubali kijana sababu ni mutu wa kwanza katika maisha yake kumuambia neno lile. Lile jambo liliniuma. Yule binti alikuwa na mama mwenye kuamuka saa kumi ya usiku kwenda kutafuta mihogo ya kuuza. Ninaamini alikuwa amesikia «niko na uchungu yako» mara mia moja. Lakini hakuna mutu alimufasiria. Alifikiri mama analalamika, kumbe mama alikuwa anasema mapendo yake, na kwa neno lenye uzito kupita lile la kijana.

Ni kazi yetu walimu kufasiria. Tunajua kufasiria Phèdre, lakini maneno ya mama zetu tunayaacha mulangoni pa masomo.

6. Uchungu wa inchi

Neno uchungu halikubaki nyumbani. Mutu anaweza kuwa na uchungu wa kazi yake, wa shamba lake, wa kijiji chake, na wa inchi. Hata upande wa Tanzania wanasema fulani ana uchungu na nchi yake. Kifaransa kinasema patriotisme, neno lenye linatoka kwa baba, pater. Kiswahili hapa kinafuata mama: inchi ni kitu chenye kinakuuma ndani, kama mutoto.

Tangu tarehe 30 Juni 1960 tumesikia hotuba nyingi za kupenda inchi. Wenye kuiba mali yake walisema wanaipenda. Wenye kuleta vita, ile ya 1996 na ile ya 1998 mpaka 2003, nao walisema wanaipenda. Neno mapendo ni pana, linaweza kupokea hata muongo. Lakini uchungu una kipimo chake: inakuuma wapi? Barabara ikikatika na wagonjwa wakafia njiani, inakuuma? Wakati wa mishahara ya walimu kukosa, kutoka miaka ya 1990, wazazi masikini walijikusanya kulipa prime ili masomo yasifungwe. Hakuna mwenye aliwafundisha patriotisme. Walikuwa na uchungu wa watoto wao, na kwa njia ile inchi nzima iliendelea kusoma.

Kuna neno lingine la shina la -penda lenye tunalijua sana: upendeleo. Kupendelea ni kumupenda mutu kwa kupunguza haki ya mwingine. Lugha yetu ni ya kweli. Inaonyesha kama hata mapendo, ukiyageuza kidogo, yanatoa ubaya. Ndugu anapewa kazi, mwenye kustahili anabaki inje. Uchungu wa inchi na upendeleo haviwezi kukaa kiti kimoja.

7. Uchungu si wivu

Lazima niseme neno la kuonya, ili mutu asitumie maneno yangu kwa ubaya. Kifaransa kina msemo crime passionnel, uhalifu wa mwenye kushikwa na passion. Hapa kwetu pia tumesikia bwana mwenye kupiga muke wake mpaka kumuvunja, kisha mbele ya wazee anasema: «Niliona uchungu, sababu ninamupenda.» Na kuna wazee wenye kutikisa kichwa, kama vile sababu imepatikana.

Sababu haijapatikana. Bwana yule hakuwa na uchungu wa muke wake; alikuwa na wivu. Mambo mawili haya yote yanauma, ndiyo maana yanafanana. Lakini uliza: maumivu yanaangalia nani? Wivu ni kuumia juu ya nafsi yako, juu ya kitu chenye unaogopa kunyanganywa. Uchungu ni kuumia juu ya mwingine. Mwenye uchungu ya mutu hawezi kumutia vidonda, sababu vidonda vile vingekuwa vyake mwenyewe. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anaumia yeye ili mwingine aishi. Mwenye wivu anaumiza mwingine ili yeye apumue.

Phèdre pia, tukirudi kwenye kitabu, alianza na moto wa mapendo, akamaliza na wivu. Akaacha kijana Hippolyte asingiziwe uongo, na uongo ule ulimuletea kifo. Moto wake ulikuwa ashiki ya Waarabu, ule mumea wenye kubana muti mpaka unakauka. Uchungu wa mama zetu ni kitu kingine.

Mwisho

Niliporudi kalasini niliandika tena passion kwenye ubao, na chini yake nikaandika maneno manne: mateso, tamaa, mapenzi, uchungu. Nikawaambia wanafunzi: Kifaransa kina neno moja kwa mambo haya yote, sisi tuna maneno mbalimbali, na kila moja lina nafasi yake. Mateso ni yenye mutu anapata. Tamaa ni yenye macho yanataka. Mapenzi ni yenye moyo umeamua kutaka. Uchungu ni pale penye mapendo yamekubali kuumia. Kisha nikawapa kazi ya nyumbani: kila mumoja akaulize muzazi ao mulezi wake anatumia neno gani kusema anamupenda, kwa Kiswahili ao kwa lugha ya kijiji, na alete jibu limeandikwa.

Majibu yalikuwa mengi na mazuri. Yule kijana wa mateso alileta karatasi yenye mustari mumoja tu. Baba yake alimujibu: «Unaniuliza vile kwa nini? Viatu ile unavaa, unafikiri inatoka wapi?» Kalasi ikacheka. Yeye hakucheka. Aliangalia viatu vyake.

Katiba ya 2006 inahesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Ni vizuri. Lakini katiba haiwezi kulinda neno lenye hatusikilizi nyumbani. Kila lugha yetu ina neno lake la namna hii, kwa Mashi, kwa Kinande, kwa Kilega, kwa Kibembe. Ninaomba wasomaji wenye wazazi bado wazima wawaulize mapema, waandike, waletee chama chetu. Na ukisikia mama akisema ana uchungu yako, usimuulize anaumwa wapi. Mujibu: «Asante, Mama. Na miye niko na uchungu yako.»